Haki ya kushindwa na kurudi: Somo la barafu kwa mfanyabiashara wa Area 25

Novemba 2025, mjini Sioux Falls nchini Marekani, John Shuster alishindwa. Alikuwa na umri wa miaka 43, alikwishacheza Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi mara tano mfululizo, na alikuwa akitafuta ya sita. Timu ya Danny Casper, kijana aliyekuwa bado mtoto wakati Shuster akivaa medali yake ya kwanza, ndiyo iliyomfungia njia ya kwenda Italia Februari 2026.

Msomaji anayepitisha mchele Kasumulu, au anayesubiri mzigo wake wa Kariakoo ufike Lilongwe kupitia Karonga na Mzuzu, ana haki ya kuuliza: mchezo wa barafu unanihusu nini? Jibu ni kwamba maisha ya mchezaji huyu yanaeleza jambo ambalo wafanyabiashara wa Area 25, mtaa mkubwa ulio kaskazini mwa Lilongwe, walilishuhudia kwa macho yao mwaka 2023. Kwenye michezo na kwenye biashara, kila mtu hushindwa siku moja. Anayedumu ni yule ambaye, baada ya kushindwa, anaruhusiwa kurudi mahali pale pale kesho yake na kuanza tena.

Mchezo wa mawe

Shuster anacheza kalingi. Timu ya watu wanne husukuma mawe ya matale, kila moja likiwa na uzito unaokaribia kilo 20, kwenye njia ya barafu yenye urefu wa karibu mita 45. Mwisho wa njia kuna duara, na anayeliacha jiwe lake karibu zaidi na kitovu cha duara hilo ndiye anayepata pointi. Wachezaji wawili hutangulia mbele ya jiwe wakiisugua barafu kwa brashi, ili jiwe liende mbali zaidi na lisipinde mapema. Kwa mtazamaji mgeni wanaonekana kama watu wanaofagia, lakini hesabu yake ni kali. Jiwe likishaachwa mkononi halirudishwi, na linaloweza kubadilishwa ni njia iliyo mbele yake tu.

Mawe yanayotumika Olimpiki huchongwa kutokana na miamba ya Ailsa Craig, kisiwa kidogo kilicho karibu na pwani ya Uskoti. Mchezo huu uliingizwa rasmi katika mashindano ya medali mwaka 1998 huko Nagano, Japani. Tuukumbuke mwaka huo, kwa kuwa ndio mwaka ambao Mkenya mmoja naye alikanyaga theluji ya Nagano.

Aliyeshindwa mara mbili akarudi

Shuster alizaliwa mwaka 1982 katika jimbo la Minnesota. Mwaka 2006 huko Turin alipata medali ya shaba akiwa mchezaji wa kawaida katika timu iliyoongozwa na mwingine. Mwaka 2010 huko Vancouver alikuwa nahodha, na mambo yakamharibikia. Marekani ilishinda mechi mbili na kupoteza saba, ikashika mkia, na katikati ya mashindano yeye mwenyewe akawekwa benchi kwa mechi moja. Mwaka 2014 huko Sochi alirudi kama nahodha, na matokeo yakawa yale yale: mbili kwa saba.

Baada ya hapo chama cha kalingi cha Marekani kilianzisha mpango maalumu wa kuwalea wachezaji bora, na jina lake halikuwamo. Kwa mfanyabiashara, hiyo ni sawa na benki kukufungia mkopo na msambazaji kukufuta kwenye daftari lake siku hiyo hiyo.

Shuster akatafuta wenzake waliokuwa nje ya mpango kama yeye, wakaunda timu yao. Hawakuwa watu wa kuishi kwa mishahara ya michezo. Mwenzake Tyler George alikuwa akisimamia duka la vinywaji mjini Duluth. Walifanya kazi mchana na mazoezi kwa muda waliobakiwa nao. Mwaka 2016 wakapata shaba ya ubingwa wa dunia. Mwaka 2018 huko Pyeongchang walipoteza mechi nne kati ya sita za kwanza, kisha wakashinda tano mfululizo na kuifunga Sweden 10-7 katika fainali. Ikawa dhahabu ya kwanza ya kalingi katika historia ya Marekani.

Habari hii husimuliwa kwao kama habari ya mtu asiyekata tamaa, na ni kweli hakukata tamaa. Lakini tuitazame kwa jicho la mtu wa biashara: alikuwa na nini mkononi siku ile alipofutwa? Alikuwa na klabu iliyo karibu na nyumbani ambako barafu ilikuwapo na mlango ulikuwa wazi kwake. Alikuwa raia, na hakuna aliyeweza kumwambia aondoke mjini kabla ya tarehe fulani. Alikuwa na haki ya kufanya kazi ya mshahara wakati mchezo haumlipi. Na mashindano ya kuiwakilisha nchi yalikuwa ya wazi, kwa hiyo aliyeachwa na mpango aliweza kuwashinda waliochaguliwa na kuchukua nafasi yao. Mtaji wake wa fedha ulikuwa mdogo. Mtaji wake mkubwa ulikuwa uhakika kwamba kesho atakuwapo pale pale.

Mkenya wa theluji

Sasa tumwangalie Philip Boit. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800 kutoka Bonde la Ufa, wa ukoo mmoja na Mike Boit aliyeshinda shaba ya Olimpiki mwaka 1972. Mwaka 1996 kampuni ya Nike ilimdhamini yeye na mwenzake Henry Bitok waende Finland kujifunza mbio za theluji, mchezo ambao hawakuwahi kuuona kwao.

Miaka miwili baadaye Boit alikuwa Nagano, Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya majira ya baridi. Katika mbio za kilomita 10 alikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alimsubiri kwenye mstari wa mwisho na kumkumbatia. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Picha ya kumbatio lile ilizunguka dunia, lakini udhamini ule haukudumu. Boit alijikongoja, akarudi Olimpiki mwaka 2002 na tena 2006. Kwa mtu ambaye nchini kwake hakuna msimu wa theluji, kufika mara tatu ni kazi kubwa. Lakini kila mara ilimbidi aanze kwa kutafuta nauli, viza na mahali pa kufanyia mazoezi ugenini. Shuster aliposhindwa alirudi klabuni kwake. Boit aliposhindwa alirudi Kenya, na kutoka Kenya hadi kwenye theluji pana nchi kadhaa na karatasi nyingi.

Wafanyabiashara watamwelewa upesi, kwani alikuwa na mteja mmoja na soko moja lililo mbali. Mteja alipoondoka, ujuzi wake ulibaki mwilini lakini mahali pa kuuzia pakatoweka.

Afrika kwenye barafu

Kalingi ya Afrika inafuata njia hiyo hiyo. Mwaka 2019 Nigeria ilicheza ubingwa wa dunia wa timu za watu wawili huko Stavanger, Norway, ikawakilishwa na wanandoa Tijani na Susana Cole, wakazi wa Canada. Waliishinda Ufaransa na kuandika historia ya bara letu. Kenya nayo imeingia katika mashindano ya Pan Continental, daraja la pili.

Ni habari njema, na tusiidharau. Lakini tazama mahali zinapoanzia. Nairobi ilipata uwanja mdogo wa barafu mwaka 2005 ndani ya hoteli ya Panari, na kutoka hapo ikaibuka timu ya hoki ya Ice Lions. Hakuna kijana wa Kisumu, Mbeya au Bukavu anayeweza kuamka asubuhi akaenda kwenye klabu ya kalingi ya mtaani kwake. Mwafrika anayeufikia mchezo huu ni yule aliyekwisha kuhama, akapata makazi na haki ya kufanya kazi, kisha akaikuta barafu mtaani anakoishi. Makazi yalitangulia, mchezo ukafuata. Katika mashindano ya Februari 2026 kila kundi la kalingi lilikuwa na nafasi kumi za mataifa, na hakuna hata moja iliyokwenda Afrika.

Kutoka Kakuma hadi Ngong

Je, mtu asiye na nchi ya kumtetea anaweza kupata nafasi hiyo ya kurudi? Anaweza, na mfano uko hapa kwetu Afrika Mashariki.

Mwaka 2015 bingwa wa zamani wa marathoni, Tegla Loroupe, alisaidia kuwatafuta wakimbiaji katika kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya. Waliochaguliwa waliruhusiwa kutoka kambini na kwenda kuishi na kufanya mazoezi Ngong, karibu na Nairobi. Mwaka 2016 watano kati yao, wote wazaliwa wa Sudan Kusini, walikuwa katika timu ya kwanza ya wakimbizi ya Olimpiki huko Rio, iliyokuwa na wanamichezo kumi. Katika timu hiyo alikuwamo pia Popole Misenga, mcheza judo mzaliwa wa Bukavu aliyepata hifadhi Brazil.

Wale watano hawakupata medali Rio. Lakini wanne kati yao, Rose Nathike Lokonyen, Anjelina Nadai Lohalith, James Nyang Chiengjiek na Paulo Amotun Lokoro, walirudi tena katika michezo ya Tokyo. Wa tano, Yiech Pur Biel, baadaye akawa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Miguu yao ilikuwa ile ile waliyokuwa nayo Kakuma. Kilichobadilika ni ruhusa ya kutoka kambini kwenda mahali penye kazi yao, na ruhusa ya kubaki hapo hata baada ya kushindwa.

Dzaleka na amri ya 2023

Hapa ndipo tunapofika Malawi. Kambi ya Dzaleka iko wilaya ya Dowa, takriban kilomita 50 kutoka Lilongwe. Zamani ilikuwa gereza la enzi za Rais Kamuzu Banda. Jina lenyewe husimuliwa kuwa linatokana na maneno ya Kichewa yenye maana ya "sitarudia tena". Ilifunguliwa kwa wakimbizi mwaka 1994. Ilipangwa kwa watu wasiozidi elfu kumi na kitu, na sasa inabeba zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, kanisani na msikitini.

Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 mnamo 1987, lakini iliweka masharti yake, yakiwamo ya haki ya kufanya kazi na ya kutembea popote nchini. Haikuwa roho mbaya tu. Nchi hiyo ndogo ilikuwa ikipokea wimbi la Wasumbiji waliokimbia vita, ambao baadaye walifikia takriban milioni moja. Kwa miaka mingi, hata hivyo, masharti hayo yalibaki kwenye karatasi. Wakimbizi waliokuwa na mtaji walitoka kambini, wakapanga fremu Lilongwe na kwingineko, wakauza vyakula, nguo na vipuri. Mitaa yenye watu wengi kama Area 25 iliwapa wateja, na wao wakaupa mtaa bidhaa.

Machi 2023 serikali iliamuru wote warudi Dzaleka ifikapo 15 Aprili. Amri kama hiyo ilitolewa pia mwaka 2021, ikasimamishwa mahakamani. Safari hii ilitekelezwa. Kuanzia Mei polisi na wanajeshi waliingia mitaani Lilongwe, mamia ya watu wakiwamo watoto wakakamatwa, wengine wakapitishwa gereza la Maula kabla ya kupelekwa kambini. Maduka yakafungwa.

Upande wa pili nao una hoja. Wenye maduka wazawa walilalamika kwamba wageni wanachukua wateja wao, na serikali ilitaja usalama wa taifa. Katika nchi yenye uhaba wa fedha za kigeni na vijana wengi wasio na ajira, malalamiko hayo si ya kupuuzwa. Mfanyabiashara wa Mbeya au Nairobi naye hulalamika mgeni anapofungua duka mlango wa pili. Lakini ushindani hutatuliwa kwa leseni, kodi na bei. Kumwondoa mshindani kwa lori hakumwongezei mzawa mtaji, na mteja aliyezoea bei ya chini hulipa zaidi.

Deni liko wapi?

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, swali la kwanza ni la daftari. Biashara nyingi kati ya Kariakoo na Lilongwe huendeshwa kwa mali kauli: mzigo unatolewa leo, fedha zinarudi ukiuzwa. Chukua mfano wa mwenye duka Area 25 aliyepokea mzigo mwezi wa tatu na kuahidi kulipa mwezi wa sita. Ni mwaminifu, wateja anao, hesabu zake ziko sawa. Mwezi wa tano anapandishwa gari kwenda Dowa na duka linabaki limefungwa. Nani atalipa? Aliyekopesha aliangalia sura ya mtu, sifa zake na wingi wa wateja, vitu vyote vizuri. Hakuangalia kama mtu huyo ana haki ya kuwapo pale mwezi wa sita.

Hiyo ndiyo tofauti ya Shuster na Boit ikihamia sokoni. Hasara ya mzigo mmoja haimwui mfanyabiashara. Waliopata ajali ya lori Chiweta au kuozewa na ndizi wanajua kwamba mtu huinuka. Kinachomwua ni kupoteza mahali pa kuinukia.

Wala jambo hili haliwahusu wakimbizi peke yao. Machi 2025 Malawi ilizuia uingizaji wa bidhaa kadhaa, zikiwamo unga wa mahindi, mchele, tangawizi na ndizi. Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo kutoka Malawi. Wenye pasipoti halali, vibali halali na risiti za kodi walijikuta na malori yamesimama. Mapema Mei mambo yakatulizwa kwa mazungumzo, lakini nyanya hazisubiri mazungumzo. Ndani ya wiki chache raia wa nchi mbili rafiki walionja kidogo maisha ya Dzaleka: una bidhaa, una mteja, huna ruhusa ya kumfikia.

Kanda inaweza kufanya nini

Majirani wamechukua njia tofauti. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea. Kenya ilizindua Mpango wa Shirika Machi 2025, unaokusudia kuigeuza Kakuma na Dadaab kutoka kambi kuwa makazi yanayohudumiwa pamoja na wenyeji. Utekelezaji wa mipango kama hii huwa mgumu, na fedha za wahisani zinapungua kila mahali. Lakini mwelekeo wake unaeleweka na mfanyabiashara: mtu anayeruhusiwa kuuza hulipa kodi, hulipa pango na hulipa madeni.

Malawi haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, hivyo Itifaki ya Soko la Pamoja ya mwaka 2010 haiifungi. Imo SADC pamoja na Tanzania na Kongo, na imo COMESA pamoja na Zambia, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Kwa hiyo vikao vya kuzungumzia jambo hili vipo tayari. Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani, ambavyo hupiga kelele kuhusu ushuru na mizani, vina sababu ya kuweka mezani hoja mbili zaidi. Ya kwanza, amri yoyote ya kufunga mpaka au kuhamisha wenye maduka itoe muda wa kutosha kuuza mzigo na kulipana madeni. Ya pili, mkimbizi mwenye duka lililosajiliwa na anayelipa kodi apewe kibali chenye tarehe inayojulikana, ili anayemkopesha ajue mwisho wa kibali na apange malipo kabla yake.

Kwa wakati huu, kabla hoja hizo hazijafika popote, mwenye mzigo ajilinde. Unapompa mtu mali kauli Lilongwe, muulize anakaa hapo kwa karatasi gani na inaisha lini. Unayemwuliza asione haya, wala wewe usiulize kwa dharau. Ukikuta karatasi yake ni fupi, punguza mzigo na fupisha muda wa malipo, lakini usimwache. Huenda ndiye muuzaji bora kuliko wote mtaani.

Shuster alikosa Italia, lakini klabu ziko wazi na hakuna aliyemwambia aihame Minnesota. Akitaka kujaribu tena mwaka 2030, uamuzi ni wake na wa magoti yake. Wapo Dzaleka waliokuwa na duka Area 25 mwaka 2022, wanaokumbuka bei ya kila kitu na majina ya wateja wao. Wao wangeweza kufungua mlango wiki ijayo, kama wangeruhusiwa kuupanda barabarani mwendo wa kilomita hizo 50.